Tundu kwenye Bega la Mama

Hatukumwita Mwalimu. Nchi ilikuwa na Mwalimu mmoja, na katika kikosi chetu pale Kigoma hakuna aliyetaka kuonekana ana wa pili. Tulimwita Mkufunzi, naye aliitikia hivyo hivyo, hata sokoni Mwanga, hata msibani. Kazi yake ilikuwa kutunza ghala la silaha na kutufundisha kulenga shabaha kwa bastola. Mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa, na kila ulipofika msimu wa mashindano nilikuwa karani wake wa alama. Tulifanya kazi pamoja miaka saba. Mengi ninayoyasimulia hapa niliyaona kwa macho yangu, na moja nililiona nikanyamaza.

Uwanja wa shabaha ulikuwa kwenye bonde dogo nyuma ya mji. Ukisimama mahali pa kuanzia, ziwa linakuwa mgongoni mwako na kilima kiko mbele. Bonde hilo alilichagua mwenyewe, kwa sababu risasi yoyote itakayokosa shabaha itaishia kwenye udongo mwekundu wa kilima, si kwenye shamba la mtu. Kabla yake, mashindano yalikuwa ya kusimama wima, kuvuta pumzi na kulenga duara lililochorwa kwenye ubao. Mkufunzi aliyadharau.

"Adui gani atakungoja uvute pumzi?" alikuwa akituuliza.

Kwa hiyo alibuni mashindano ya vituo. Mshindani anaingia bondeni peke yake, bastola ikiwa kwenye ala kiunoni. Akipigiwa filimbi anakimbia kutoka kituo hadi kituo, na kila kituo kina shabaha zake na shida yake. Mwishoni tunahesabu matundu, tunatazama na saa. Mwaka mmoja kituo cha kwanza kilikuwa nyuma ya magunia ya mchanga. Cha pili kilikuwa ng'ambo ya mtaro, na daraja lake ni ubao mmoja unaonesa. Cha tatu kiliwafanya watu wacheke mpaka zamu zao zilipofika: mshindani alitakiwa kubeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja na kupiga shabaha kwa mkono wa pili. Maji yakimwagika, alama zinapungua.

Askari mmoja alilalamika kwamba hajapata kuona vita vya ndoo.

"Wewe siku utakapovamiwa," Mkufunzi akamjibu, "utakuwa na kitu mkononi. Hutakuwa umekaa unawangoja."

Kupanga vituo ilikuwa kazi ya wiki tatu, na nadhani aliipenda kuliko mashindano yenyewe. Alikwenda bondeni asubuhi na fimbo yake, akipima kwa hatua. Anasimama, anageuka, anapiga goti, anainuka kwa shida kwa sababu magoti yalikwisha kuchoka. Mimi nafuata na daftari. "Hapa mtu ametoka mbio, moyo unamdunda," alikuwa akisema. "Tukimwekea shabaha hapa atapiga kichaka, na hatakuwa amejifunza kitu. Tusogeze hatua nne." Tukimaliza kusogeza, anarudi mwanzo na kuupita uwanja upya, kama mtu anayehakiki njia ya kumpitisha bibi harusi.

Risasi zilikuwa adimu miaka ile, kama sukari na sabuni. Kila mshindani alipewa kumi na mbili, basi. Mazoezi yote tuliyafanya bila risasi, na mara nyingi bila bastola, tukishika magunzi ya mahindi. Ungeona askari wazima, wenye vyeo, wamejibanza nyuma ya magunia wameelekeza gunzi kwenye kilima. Akina mama waliopita juu na madebe yao ya mawese kichwani walisimama kutazama, wakaulizana kwa Kiha kama serikali imeishiwa hivyo. Mkufunzi hakujali. Alikuwa na msemo wake: "Risasi hupigwa kwa miguu kwanza, halafu macho. Kidole ni tarishi tu."

Alikuwa mkali kuhusu jambo moja kuliko yote. Mtutu hauachi kutazama kilima. Mtu akigeuka na bastola mkononi, hata kama haina kitu, anavuliwa mkanda na kurudishwa nyumbani siku ile ile. Aliwarudisha makoplo, akamrudisha na ofisa mmoja aliyetoka kozi nje ya nchi. Siku moja yeye mwenyewe aliitwa ghafla, akageuka na bastola aliyokuwa akiisafisha. Tulioona tulikuwa watu wawili au watatu tu. Alisimama akaitazama, akaiweka mezani, akafungua mkanda wake, akanikabidhi mimi, akatembea kwenda zake. Kesho yake alifika saa moja asubuhi na kuomba ruhusa ya kurudi kazini. Mkubwa wa kikosi alicheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Mtu huyu aliyeishi na silaha hakuweza kuchinja kuku. Alipopata mgeni alimwita jirani. Ziwa alilitazama kila siku, lakini nijuavyo hakupata kupanda mtumbwi wala boti. Alipotumwa kufundisha mgambo kwenye vijiji vipya vya mwambaoni, wenzake walipanda boti Kibirizi, naye akapita vilimani kwa miguu na kufika baada yao kwa siku nzima, vumbi tupu, akasema njia ilikuwa nzuri. Alikuwa mtu wa Kalinzi, mtu wa milima na baridi. Mkewe alibaki huko na migomba na kahawa, naye alipanda kumwona kila mwisho wa mwezi.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Babu zangu walivuka kutoka Kongo, na nyumbani kwetu binti hakuvaa suruali. Nilipojiunga na mgambo, mama yangu alikaa siku mbili bila kusema nami. Siku ya tatu Mkufunzi alikuja mwenyewe, akabisha hodi, akakaa barazani, akala wali aliopewa. Alipomaliza kunawa akasema, "Mama, nimekuja kumwombea huyu binti. Watu wanasema namfundisha kuua. Mimi namfundisha kutokuua. Kuua hata asiyejua anaweza."

Mama yangu alimtazama muda. Kisha akaniambia nimletee mgeni maji ya kunywa, na hayo ndiyo yakawa majibu yake.

Neno lile la kutokuua hakulisema kwa kumridhisha mama tu. Kituo cha mwisho cha mashindano yake kilikuwa nyumba ya mikeka, bila paa, yenye mlango na dirisha. Mshindani akiingia anakuta watu watatu waliokatwa kwenye maboksi. Wawili ni maadui, wameshika bunduki. Katikati yao amesimama mama aliyebeba mtoto mgongoni. Ukimpiga mama, hata kwa kumkwaruza tu, kituo chote ni sifuri na zawadi huipati. Hao maadui wawili Mkufunzi aliwachora kwa dakika chache, vichwa kama viazi. Yule mama alimchora kwa siku mbili. Alimpa kilemba, akampa kitenge chenye maua, akamchora mtoto na kofia. Mwaka ambao rangi ilikosekana madukani alichanganya masizi na mafuta, akamvisha mama kitenge cheusi. Nilimwuliza kwa nini anahangaika hivyo na kitu kitakachonyeshewa na mvua.

"Nataka mtu akimpiga aone haya," akasema.

Siri ya macho yake niliijua mwaka wa tano. Nilimletea orodha ya washindani aihakiki, akaisoma yote bila kukosea, jina kwa jina. Baadaye nikagundua kwamba kimakosa nilikuwa nimempa barua ya kuomba nauli. Alikuwa ameikariri ile orodha siku iliyotangulia, nilipoisoma kwa sauti. Nilianza kumchunguza. Kwenye ghala aliitambua kila bastola kwa kuipapasa. Matundu kwenye maboksi aliyatafuta kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayechambua mchele, na mimi nilidhani siku zote ni umakini tu. Saa alinipa mimi niisome.

Nilipomwambia kwamba najua, hakukana. "Vitu vya mbali bado naviona," akasema. "Vya karibu vimeingia ukungu. Nimebakiza miaka miwili ya kustaafu, mwanangu. Usiniwahishe."

Nikaahidi. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nililifanya kwa wema au kwa ujinga. Nilikwenda kwa Mkubwa wa kikosi, nikamwomba Mkufunzi atafutiwe miwani hospitalini, nikaeleza sababu. Mkubwa alinisikiliza vizuri, akasema atalishughulikia. Miwani haikuja. Habari ilibaki kichwani mwake, ikingoja kazi yake.

Mwaka uliofuata ndio wa kitenge cheusi. Mashindano yalikuwa na mgeni mheshimiwa kutoka makao makuu, mtu mwenye sifa ya shabaha, ambaye alitaka kushiriki. Kikosi chetu kilikuwa na gari moja bovu, na ilijulikana kwamba mgeni huyo akirudi na furaha, tutapata jipya. Mkubwa alizunguka bondeni tangu asubuhi akihakikisha viti vina vivuli. Alimwomba Mkufunzi aondoe ile ndoo. Mkufunzi akakataa kwa adabu. Akamwomba basi aijaze nusu. Akakataa tena.

Nisimsingizie mgeni. Alikuwa mpigaji hasa. Ubao aliuvuka bila kuyumba, ndoo akaibeba bila kumwaga hata tone, na watu walimpigia makofi ya kweli. Kwenye nyumba ya mikeka tulisikia risasi nne za haraka, akatoka akitabasamu, jasho linamtiririka. Mimi na Mkufunzi tukaingia kuhesabu.

Maadui wote wawili walikuwa wamepigwa, lakini kwa matundu matatu tu. Mkufunzi alihamia kwa mama. Alianza kichwani, akashuka shingoni, kidole kikapita kwenye kitenge kile cheusi, kikasimama begani, karibu kabisa na kofia ya mtoto. Ncha ya kidole ikazama.

"Njoo uone," akaniambia kwa sauti ya chini.

Nikainama. Nililiona. Duara safi, kingo zake zimeingia ndani, na nyuma yake mwanga wa jua kupitia tundu la mkeka. Halikuwa jambo la kubishania.

"Mama amepigwa," Mkufunzi akatangaza mlangoni. "Kituo hiki ni sifuri."

Mkubwa akaja haraka, akaingia, akamtazama mama wa boksi kwa umbali wa hatua mbili, akasema haoni kitu. Mkufunzi akamwonyesha kwa kidole. Mkubwa akasema huo ni mchubuko wa msumari. Wakatoka nje wakiwa bado wanabishana, na hapo mbele ya watu wote Mkubwa akaichukua karatasi ya alama kutoka mkononi mwangu na kumpa Mkufunzi.

"Tusomee, Mzee. Soma hapo juu pameandikwaje."

Mkufunzi aliishika. Akasoma kwa sauti ya utulivu kichwa cha karatasi kama kilivyoandikwa kila mwaka: mashindano ya shabaha kwa bastola, jina la mshindani, kituo, alama. Hakukosea neno. Lakini karatasi aliishika juu chini. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa askari ambaye yeye mwenyewe alimfundisha. Wengine wakafuata.

Mkubwa akanigeukia. "Karani, wewe ni msaidizi wake. Ni kweli Mzee haoni, au si kweli?"

Mkufunzi hakunitazama. Nakumbuka alikuwa akiikunja ile karatasi.

"Ni kweli, Afande," nikasema.

"Haya. Andika alama zote za kituo. Kazi iendelee, watu wako juani."

Sikusema uongo. Nimejiambia hivyo kwa miaka mingi. Hakuna aliyeniuliza kuhusu tundu. Niliulizwa kuhusu macho, nikajibu. Lakini nilisema kweli moja ili ifunike nyingine, na nilijua hivyo maneno yakiwa bado mdomoni. Nikaandika alama zote. Na kwa kuwa kila mshindani akimaliza ilikuwa kazi ya karani kuziba matundu kwa vipande vya karatasi na uji wa muhogo, nikaingia kwenye nyumba ya mikeka na kuziba. Matatu ya maadui. Kisha la mama. Nililibandika kwa kidole changu mwenyewe, nikalipaka masizi juu.

Mgeni alipewa ngao. Miezi michache baadaye gari lilikuja kweli. Mkufunzi hakungoja kustaafu; aliandikiwa barua kwamba afya yake hairuhusu kazi ya silaha, na barua hiyo niliipiga chapa mimi. Alikuja kuichukua akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi. Aliuliza kama yuko mtu wa kumsomea, nikamsomea. Alishukuru, akasema, "Umepiga chapa vizuri, haina makosa." Sikusikia kejeli katika sauti yake, ndiyo maana nilishindwa kulala.

Bastola aliikabidhi, funguo akazikabidhi, akapanda Kalinzi. Mashindano ya mwaka uliofuata yalipangwa na mtu mwingine. Yalikuwa ya kusimama wima na kulenga duara.

Miaka kumi na moja ilipita. Niliolewa, nikahamishiwa Tabora, nikarudi. Kila mwaka nilisema nitakwenda kumwona, na kila mwaka nilikuta sababu: mvua, mtoto, mafuta ya gari hayapatikani. Kisha Mkubwa akafariki. Nilikwenda kumzika, nikasikiliza sifa zake, na nilipokuwa narudi nyumbani nikagundua kwamba sasa naweza kwenda Kalinzi. Ujasiri wangu ulikuja aliponyamaza milele mtu niliyemwogopa, na hilo nalo lina aibu yake.

Nilipanda lori lililobeba chumvi. Nilifika adhuhuri, baridi ikiwa bado imo kwenye migomba. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, amejifunika blanketi mabegani, uso umeelekea njiani. Macho yalikuwa meupe kabisa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akainamisha kichwa kusikiliza. "Sema tena."

"Shikamoo."

"Karani," akasema. Akanyoosha mkono hewani, nikaushika. Alifurahi, sina shaka. Aliniuliza habari za mama yangu. Nikamwambia alikwisha tangulia, akamwombea. Akaniuliza bonde lipo vipi. Nikamwambia watu wanalima mihogo siku hizi. Akasema ni vizuri.

Sikutaka kunywa chai yake kabla ya kusema. Nikasema. "Mzee, lile tundu lilikuwepo. Nililiona. Nililiziba mimi."

"Mimi niliingiza kidole," akasema. "Unadhani nilikuwa na shaka?"

"Nimekuja kuomba radhi."

Akasema taratibu kwamba radhi yangu ameipokea, lakini si yeye aliyekuwa na haja nayo. "Siku ile niliporudi hapa nilimweleza mama yako wa hapa, mke wangu, mambo yote. Hakuniamini. Hakunitukana, hapana. Aliniambia, mume wangu, ni kweli huoni. Huenda palikuwa na msumari, na wewe umetupotezea kazi kwa ubishi. Amenihudumia miaka yote hii kwa moyo mweupe, lakini anaamini hivyo. Mwambie yeye."

Nikauliza yuko wapi. Akasema yuko bondeni chini, anachuma kahawa. Lori lilikuwa lishushe chumvi na kurudi, na dereva alinipa saa moja. Nilisikia honi, mara ya kwanza, mara ya pili. Mkufunzi akaniambia gari halimngoji mtu, niende tu. Nilibaki. Ni jambo dogo, lakini naliandika kwa sababu katika habari hii yote sina lingine la kujisifia.

Mama huyo alifika na kikapu kichwani, mwanamke mrefu, mikono imekauka. Alinisalimu kwa upole kama mgeni. Mkufunzi akamwambia mimi ni nani, naye mama akatua kikapu chini bila kukaa. Nikamweleza. Nilieleza boksi, masizi, kidole, mwanga wa jua nyuma ya tundu, swali la Mkubwa na jibu langu. Alinisikiliza mpaka mwisho akitazama mikono yangu. Kisha akakaa kwenye kigoda, mbali kidogo na mumewe, akavuta upande wa khanga na kujifuta uso, akasema neno moja kwa Kiha kwa sauti ya chini, Mkufunzi akaitikia, "Ego," yaani ndiyo. Neno lenyewe sikulisikia vizuri, wala sikuliuliza.

"Na wenzake wa kikosini?" mama akaniuliza. "Wale waliomcheka. Hao umewaambia?"

Nikamwambia wengi walihamishwa, sijui waliko. Wengine wamekufa.

"Na huyo mkubwa wenu?"

"Amefariki, Mama. Mwezi uliopita."

Akanitazama usoni. "Kwa hiyo umekuja sasa kwa sababu hayupo tena wa kukuuliza."

Nikaitikia kwa kichwa.

Mkufunzi aligeuza uso wake upande wangu, kisha upande wa mkewe, akingoja.

"Anasemaje?" akauliza.

"Anaitikia kwa kichwa," mama akamwambia.

"Mimi sioni kichwa," akasema. "Mwambie aseme."

Nikasema.